Mtu Akitaka Kuhama na Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Benchi limekamilika. Mbao mbili, miguu minne, mmoja mfupi kidogo lakini nimeuwekea kigae. Nimeliweka nje ya mlango wangu, upande wa barabara, mahali ambapo mtu yeyote anayekwenda bombani hawezi kunikwepa. Kuanzia leo, kila jioni, nitakaa hapo. Mwenye shida atakuja. Atapata ushauri bure.

Nimelazimika. Mtaa huu umeharibika tangu Mwalimu ahamie nyumba ya mkabala. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa rika langu, sauti kama kengele ya mapumziko. Hana hata mwaka hapa. Lakini ukuta ukitoa unyevu, watu mbio kwa Mwalimu. Paka akikohoa, kwa Mwalimu. Mtu akitaka kujua apande basi gani kwenda hospitali kubwa, anamwuliza Mwalimu, mbele ya macho yangu mimi niliyekuwa mkaguzi wa mabasi maisha yangu yote ya kazi. Mimi niliyewateremsha abiria wasio na tiketi katika kila kituo cha mji huu. Mpaka leo wananiita Mkaguzi. Ni heshima.

Mke wangu alitoka kuliangalia benchi. Akauliza kama hizo si zile mbao alizonunua kwa ajili ya paa. Nikamwambia paa linaweza kusubiri, watu hawawezi. Linavuja, sikatai. Lakini linavuja upande wake wa kitanda tu, na ushauri nilikwisha kumpa: aweke beseni.

Hakuja mtu. Alikuja mbuzi wa Dereva, akanusa benchi, akaondoka.

Jumanne, 5 Machi

Mteja wa kwanza. Dereva, kijana wa nyumba ya pili anayeendesha teksi. Kanunua mbuzi ili watoto wapate maziwa. Mbuzi haelewi mpango huo. Anaruka uzio, anakula nguo kwenye kamba za watu. Juzi kala soksi ya padri.

Kusema kweli Dereva alikuwa njiani kwenda kwa Mwalimu. Nilimwita. Akajaribu kunipungia mkono na kupita. Nikasimama katikati ya njia.

Ushauri wangu: amfunge mbuzi tairi kuukuu shingoni kwa kamba. Mnyama hawezi kuruka akiwa na tairi. Dereva akakuna kichwa, akauliza, mzee wangu, una hakika? Nikamwambia nimewahi kuona kwa macho yangu. (Alikuwa ng'ombe, na sikumbuki iliishaje, lakini kanuni ni ile ile.) Tairi nikamchagulia mwenyewe kutoka kwenye rundo lililo nyuma ya karakana. Kubwa, zito, la kuaminika.

Mke wangu alikuwa akiwalisha kuku wake uani na alisikia yote. Aliendelea kuongea na kuku. Huongea nao kwa sauti ambayo sijaisikia ndani ya nyumba siku nyingi. Sijui wanamjibu nini cha maana.

Alhamisi, 7 Machi

Mbuzi hakuruka uzio. Nilikuwa sahihi kabisa juu ya hilo. Aliubomoa.

Akatoka barabarani akiburuta tairi, na tairi lilikuwa na maji meusi yaliyokaa humo tangu mvua za mwaka jana. Akapanda barazani kwa Mshonaji. Mshonaji ndiye rafiki mkubwa wa mke wangu, anashona sare za shule, na leo asubuhi alikuwa amezitandaza zote kwenye mkeka tayari kwa kukunjwa. Nyeupe. Mbuzi alizunguka hapo mara kadhaa akitafuta pa kutokea.

Mchana kutwa wamefua. Mshonaji, mke wangu na Mwalimu, uani kwangu, mapovu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikaa kwenye benchi, endapo mtu angekuwa na swali. Dereva alipita akiwa amebeba mbuzi begani. Nikamweleza kosa lake: tairi lilikuwa kubwa mno. Akasema ni mimi niliyelichagua. Nikamjibu kwamba mshauri anashauri, mwenye mbuzi anatumia akili.

Mwalimu akatokea kwenye kona, mikono inachuruzika maji. Akasema, jirani, ndoo ziko pale, bomba liko kule. Kwa ile sauti ya kuwapanga watoto mstarini. Nikamjibu kwamba kila mtu na kazi yake, yangu ni mawazo. Akanitazama kama mtu aliyekabidhiwa daftari tupu.

Kabla ya kuondoka alimshauri Dereva ajenge zizi kwa milango ya zamani. Nilicheka kimoyomoyo. Milango.

Ijumaa, 8 Machi

Nilijua. Mbuzi kapanda juu ya zizi la milango na kukaa huko akitafuna bawaba ya ngozi, anatazama mtaa mzima kama ndiye mwenye nyumba za kupanga.

Nikaenda kujionea mwenyewe. Nilivaa shati safi kwa ajili hiyo. Nilitegemea kumkuta Dereva amenuna na Mwalimu amejifungia ndani kwa aibu. Nikawakuta wanacheka. Mwalimu yuko juu ya kigoda, kashika mguu wa nyuma wa mbuzi. Dereva kashika pembe. Mke wa Dereva anacheka hadi kashika mbavu. Mwalimu anasema, basi nimekosea, tuongeze milango. Na wakaongeza, yeye mwenyewe akipiga misumari, mpaka jua likazama. Mbuzi sasa hatoki.

Hili limenikosesha raha. Yeye akikosea, kicheko. Mimi nikikosea, watu wanafua nguo kimya kama wapo msibani. Nimekaa nikafikiri kwa makini tofauti iko wapi. Nimeipata. Alikuwa na chupa ya chai.

Kesho nanunua chupa ya chai.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nilitoka na chupa yangu mpya nikakaa kwenye benchi chini ya mwavuli. Hakuna aliyepita. Nikainywa chai yote mwenyewe.

Ndani beseni lilifurika. Godoro limelowa upande wake, na maji yameanza kunyemelea upande wangu, jambo ambalo sasa linahitaji kuchukuliwa kwa uzito. Mke wangu kasinzia kwenye kiti sebuleni, kajifunika kanga mbili. Alipoamka akauliza kwa upole kama paa litatengenezwa wiki hii. Nikamweleza kwamba fundi mwenye akili hapandi juu ya bati wakati wa mvua.

"Na jua likiwaka?" akauliza.

"Jua likiwaka halivuji."

"Kwa hiyo siku yake ni ipi?"

Nikamwambia ni swali zuri. Akainuka kwenda kuwaangalia kuku. Banda la kuku halivuji. Alilitengeneza mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Siku chungu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Daraja limefungwa kwa matengenezo, na Dereva alikuwa na abiria wa kuwahi treni. Nikamwambia mimi najua njia ya mchepuko, nyuma ya tanuri la matofali, niliipita miaka na miaka. Akasema Mwalimu kamwelekeza njia ya makaburini. Nikacheka, nikafungua mlango, nikakaa kiti cha mbele ili nimwongoze mwenyewe.

Njia ya tanuri la matofali ni nzuri. Shida ni kwamba wameijenga. Mahali ilipokuwa njia sasa kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna soko, na katika soko kuna mama mmoja mwenye nyanya ambaye bado ana maneno na mimi. Abiria alikuwa mpole mwanzoni. Treni tuliiona ikiondoka, nyuma yake hasa. Nikamwambia angalau sasa anajua inaelekea upande gani. Dereva hakuniongelesha njia nzima ya kurudi. Alinishusha mbali na nyumbani, eti anakwenda upande mwingine. Nilimwona akikunja kona kuelekea mtaani kwetu.

Nikafika nimechoka. Nikamkuta mke wangu amelala kitandani mchana kweupe, upande wake, viatu pembeni, anatazama juu. Anatabasamu. Nikatazama nami. Tundu halipo. Limezibwa.

Ngazi ya Mwalimu ilikuwa bado imeegemezwa ukutani. Wamepanda wao watatu, wanawake peke yao, na kipande cha bati na lami. Juu ya paa langu. Mtaa mzima umeona. Mke wangu akasema Mwalimu ndiye aliyeshika nyundo na Mshonaji ndiye aliyepaka lami, na kwamba leo atalala kitandani kwake. Alisema kwa furaha, kama mtu anayenipa habari njema.

Jumanne, 12 Machi

Nimepanda kukagua. Nilijua tu. Kiraka wamekiweka juu ya bati la juu. Mtu yeyote anajua kiraka kinaingia chini ya bati la juu ili maji yateleze. Hapo niko sahihi, hata fundi aliyesomea atasema hivyo. Kilikuwa hakivuji, lakini kilikuwa kimekosewa.

Nikakiondoa.

Misumari yao ilikuwa imeshika vibaya sana, yaani ilishika barabara. Nikavuta kwa nguvu, na bati la zamani, likiwa limeliwa na kutu, likaja pamoja na kiraka. Tundu sasa ni kubwa kuliko beseni. Nikasema nitalirekebisha hapo hapo. Mvua ikaanza.

Nikachungulia ndani kupitia tundu. Mke wangu alikuwa amesimama chini, kando ya kitanda, ananitazama. Shuka lilikuwa jipya. Tukatazamana, mimi juu, yeye chini, mvua ikipita katikati yetu na kumwangukia usoni. Nikamwambia anipe nyundo, iko kwenye dirisha. Hakunipa. Hakukasirika pia, ningemwona. Alisimama akilowa kana kwamba anataka kukumbuka kitu vizuri. Kisha akatoka chumbani.

Ilibidi nishuke mwenyewe kuchukua nyundo.

Jumatano, 13 Machi

Kimya ndani ya nyumba. Chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, kila kitu kipo mahali pake. Naweza kusema hasira zimekwisha. Kitanda tumekisogeza ukutani, yaani nimekisogeza. Yeye analala sebuleni, anasema ni pakavu.

Baada ya chai ya saa kumi alikwenda kwa Mwalimu na kukaa sana. Hili lilinichoma. Ana mshauri ndani ya nyumba yake mwenyewe, bure, na anavuka barabara kwenda kuuliza kwa mtu baki. Nikaenda kusimama karibu na dirisha la Mwalimu nikijifanya natafuta paka. Mtoto mmoja akanikumbusha kwamba sina paka. Nikamfukuza.

Sikusikia mke wangu kasema nini. Sauti yake ilikuwa chini. Lakini ya Mwalimu haijui kukaa chini. Alisema, hilo, mdogo wangu, siwezi kukushauri. Nyumba ni yako na maisha ni yako, nitakusaidia utakachoamua, ila kuamua ni kwako.

Nilirudi nyumbani karibu kuruka. Mwalimu kashindwa. Kaulizwa swali na hakuwa na jibu. Tangu ahamie hapa ni mara ya kwanza. Leo nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 14 Machi

Siku kubwa. Mshonaji kaja kwenye benchi. Mwenyewe, kwa miguu yake, bila kuvutwa. Tangu zile sare alikuwa akinipita kama nguzo ya umeme. Leo kasimama, akasema shikamoo shemeji, akaketi.

Akaeleza kwamba ana jamaa yake, mwanamke mtu mzima, anataka kuhama. Taratibu, bila ugomvi. Anakwenda mji mwingine kwa mtoto wake. Ana vyombo vichache na ana kuku. Akauliza, mtu akitaka kuhama na kuku, afanyeje?

Moyo wangu ulijaa. Swali moja, na ndani yake nyumba, wanyama na safari. Nilimwuliza kwanza kama amekwisha kumwuliza Mwalimu. Akasema Mwalimu hakutaka kusema lolote. Nikamwambia sasa kafika penyewe.

Nikampa vyote. Kuku wasipewe chakula jioni ya kuamkia safari, maji tu, la sivyo watachafua basi na kondakta atawashusha. Wasafiri ndani ya tenga, si ndani ya sanduku, na juu wafunikwe kitambaa kizito cheusi. Kuku akidhani ni usiku anatulia. Sahani zisimamishwe kwa ubavu, zifungwe kwa nguo kuukuu, na mashati ya kiume ndiyo bora kwa sababu ni mazito. Siku nzuri ni Jumanne. Asiende stendi kuu, wapagazi watamnyang'anya mizigo. Aende kituo cha bohari la saruji, basi la asubuhi hupita pale buti likiwa bado na nafasi. Akae upande wa kushoto, jua halimpigi.

Na muhimu kuliko yote, nikamwambia, asitoe vitu siku moja. Atoe kidogo kidogo, avikusanye kwa jirani anayemwamini, ili mtu wa nyumbani asishtuke.

Mshonaji akauliza, na kama huyo mtu wa nyumbani hashtuki hata kidogo?

Nikasema basi huyo ni bwege, wala hana haja ya kuagwa.

Akachezea uzi uliokuwa umenasa kwenye kidole chake. Kisha akauliza taratibu, "Una hakika na maneno hayo, shemeji?"

"Hakika kabisa."

Akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyewahi kunisikiliza vile. Alikuwa karibu kulia kwa shukrani.

Jumamosi, 16 Machi

Ushauri mzuri unaenea wenyewe. Mke wangu kasema Jumanne anakwenda kwa binti yetu, yule aliyeolewa mji wa pili. Nikamwuliza atapandia wapi, nikiwa tayari kumrekebisha. Akasema kituo cha bohari la saruji. Sikuamini masikio yangu. Mimi huyu huyu, miaka yote hii namwelekeza mambo hasikii, leo kanisikia kupitia kwa Mshonaji. Nimefurahi sana, nikamweleza yote upya tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa anapepeta mchele.

Amekuwa akipunguza vitu ndani, jambo nililomshauri zamani. Rafu ya sahani iko wazi, imebaki sahani moja na kikombe kimoja. Mashati yangu ya zamani, yale mazito ya kazini, siyaoni. Nadhani kayapeleka kufuliwa.

Tenga jipya liko uani. Anawapelekea wajukuu kuku, nadhani. Wote, inaonekana.

Nikiwa nimesimama pale kuna wazo lilinijia. Sikulipenda. Nikatoka kwenda kukaa kwenye benchi.

Jumanne, 19 Machi

Asubuhi Mshonaji kaja na vifurushi kutoka kwake, Mwalimu kaja na sanduku kutoka kwake, Dereva kaleta gari. Mizigo mingi kwa mtu anayekwenda kusalimia. Nikasema hivyo. Dereva akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Tenga nililibeba mimi. Nilitaka kuhakikisha limefunikwa ipasavyo, na kweli halikuwa limefunikwa ipasavyo. Walikuwa wametumia kanga ya maua. Kanga inapitisha mwanga. Nikarudi ndani, nikachukua koti langu la ukaguzi, jeusi, lile lenye vifungo vya shaba, nikawafunika nalo. Wakanyamaza papo hapo. Nilimtazama Mwalimu ili aone. Alikuwa anatazama chini.

Kituoni nikasimamia upakiaji. Sahani wima. Sanduku chini, vifurushi juu. Nikamwambia kondakta kwamba mimi ni mkaguzi mstaafu, akasema sawa mzee, naomba upishe mlango. Basi lilikuwa na nafasi, kama nilivyosema. Mke wangu akapanda, akakaa upande wa kushoto, tenga miguuni chini ya koti langu. Alikuwa kavaa gauni ambalo sikulifahamu. Mshonaji alimshonea, nasikia. Lilimkaa vizuri. Nilitaka kumwambia, lakini kulikuwa na jambo la maana zaidi. Nikasogea dirishani.

"Ukirudi usipande basi la mchana," nikamwambia. "Lile hujaa njiani. Panda la asubuhi, ukae kulia."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na ubaya wowote.

"Mzee," akasema, "sikuuliza njia ya kurudi."

Basi likaondoka kwa wakati. Mshonaji akafuta macho kwa upindo wa kanga. Mwalimu akaniwekea mkono begani na kwa mara ya kwanza hakuwa na sauti. Nikawaambia yule dereva wa basi amebadilisha gia mapema mno, ataiharibu injini.

Nimerudi nyumbani. Kabati lake liko tupu, na limefutwa vumbi. Banda la kuku liko wazi. Tundu la paa liko pale pale, na sakafuni, chini yake, kuna duara la mwanga mahali ulipokuwa upande wake wa kitanda. Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu palikuwa na joto.

Sasa namjua jamaa wa Mshonaji. Angeweza kuniuliza mwenyewe. Tumeishi nyumba moja, tumelea mtoto, angesema tu, mzee, nataka kuondoka, nipite wapi. Kwa nini atume mtu? Ningempa ushauri ule ule.

Sahani ile aliyoniachia ni ile nzuri, yenye ukingo wa bluu. Sijui kwa nini kaacha ile.

Jumatano, 20 Machi

Binti kapiga simu. Mama yake kafika salama. Hakuna kuku hata mmoja aliyekufa. Hakuna sahani iliyovunjika. Jua halikumpiga. Nikamwambia arudie hilo la sahani. Akarudia. Kisha akasema, "Baba, hutaki hata kuongea naye?" Nikamwambia sitaki kumsumbua, amwambie tu kuku wapewe chakula kidogo kidogo, matumbo yalikuwa matupu. Binti akakata simu. Mtandao wa huko ni mbovu.

Nimewaza mchana wote na nimefikia hitimisho. Ushauri wangu umefanya kazi. Wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila dosari. Mtaa mzima umeshuhudia. Tangu mambo ya tairi na yale ya treni watu walikuwa wameanza kunitilia shaka. Sasa hawana la kusema.

Mwalimu alikuja jioni na sufuria la chakula, akaketi kwenye benchi langu bila kuulizwa. Akasema ana ngazi na ana bati zima, na kesho hakuna mvua. Nikamshukuru, nikasema paa nina mpango nalo. Akasema kwamba kama nikitaka kwenda kwa binti kuongea na mke wangu, yeye yuko tayari kunisindikiza, maana maneno mengine yanahitaji mtu wa tatu. Akauliza, nyumbani kwa binti kunafikiwaje?

Mwalimu. Kaniuliza njia. Mimi.

Nikamweleza vituo vyote, kimoja kimoja, mahali pa kubadilishia gari, upande wa kukaa, na vyoo vya kuepuka. Nilipofika kwenye mzunguko wa pili wa barabara aliniuliza kama tutakwenda Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi ni siku mbaya kabisa ya kusafiri. Na Jumatatu pia. Akainuka taratibu, akaniachia sufuria, akavuka barabara.

Nimetengeneza ubao nikautundika juu ya benchi: USHAURI WA KUHAMA, MIFUGO NA SAFARI. UMEJARIBIWA. Kipande cha mbao nimekitoa kwenye banda la kuku, hakuna anayelitumia.

Muda si mrefu mke wa Dereva akapita na ndoo yake. Nikamwita. Nikamwambia wakati wowote akiwa na mpango wa kumwacha mumewe asihangaike kwa watu, aje kwangu kwanza. Akatua ndoo. Akausoma ubao, akanitazama, akatazama mlango wangu uliokuwa wazi na giza la ndani.

Akauliza kama nimekula.

Nikamwambia hilo si swali la kuhama.